Kadi ya Intel AX210 na fundi wa Chikongola, Mtwara: nyota tano kwa fundi, nne kwa kadi

Kama laptopu yako imewekewa kadi mpya ya waifai na intaneti ikawa mbovu kuliko mwanzo, usikimbilie kununua kadi nyingine. Ipeleke Chikongola kwa fundi mwenye kibanda cha bluu kinachotazamana na wauza mitumba. Mafundi wa simu na kompyuta Mtwara tunao, tena wengi, lakini anayetafuta chanzo cha tatizo kabla ya kukuuzia kitu ni adimu.

Mimi ni mhasibu wa chama cha msingi cha korosho upande wa Newala. Minnada ikishaanza Oktoba, laptopu ndiyo ofisi yenyewe: uzito uliopokelewa ghalani, orodha za malipo, akaunti za benki za wakulima, vyote vimo humo. Intaneti ikikatika wakati natuma orodha, kuna mzee nyumbani kwake anasubiri hela ya kulipa vibarua, na akija kuuliza siwezi kumwambia habari za ruta.

Kadi iliyokuja na laptopu ilikuwa ya zamani, inashika masafa ya 2.4 GHz peke yake, na pale tulipo kila jirani yuko humo humo. Nikaagiza Intel AX210 kutoka Dar kwa shilingi 65,000, nikafungiwa kwenye duka moja nisilotaka kulitaja. Tangu siku hiyo, nikikaa jirani na ruta waifai inashika, nikihamia meza ya pili inakata. Bluetooth ndiyo ilipotea kabisa, hata kitufe chake hakionekani kwenye Windows. Nikarudi dukani. Jibu lilikuwa fupi: kadi feki, nunua nyingine.

Fundi wa Chikongola hakushika bisibisi kwanza. Aliuliza, "Dada, ukiweka simu hapa pembeni, hotspoti inashika?" Inashika. "Na ukiiacha simu hapa ukaenda na laptopu pale nje?" Inakata. Akafungua Device Manager, orodha ya vifaa kwenye Windows, akanionyesha jina la AX210 limeandikwa kamili na halina alama ya njano. "Kadi nzima hii. Tuangalie antena." Akanitajia bei hapo hapo, kabla ya kufungua skrubu hata moja.

Alichomoa kwanza waya wa betri, kisha akanisogezea lenzi nione mwenyewe. Kadi hizi zina vichwa viwili vya antena, vidogo kama punje ya mtama, na waya zake zinapita kwenye bawaba hadi juu, pembeni ya kioo. Kichwa kimoja kilikuwa kimelazwa tu juu ya tundu lake bila kubanwa. Ukitazama kwa macho matupu unaona kimekaa vizuri. Fundi alikiweka sawa kwa kibano cha plastiki, akakikandamiza wima kwa kidole mpaka kikalia tak. Waya wa pili ulikuwa umebanwa na bawaba mpaka ngozi yake imechanika. Huo aliubadilisha kwa waya alioutoa kwenye laptopu iliyokufa, akaupitisha upya kwenye mfereji wake taratibu, bila kuuvuta.

Bluetooth ndiyo iliyonifungua macho. Alinieleza kwamba kwenye tundu lile kadi ni moja lakini njia ni mbili: waifai inapita PCIe, yaani njia ya kadi za ndani ya kompyuta, Bluetooth inapita USB. Ndiyo maana moja inaweza kuwa hai na nyingine haionekani, na hiyo peke yake si ushahidi kwamba kadi ni feki. Draiva zake, yaani programu zinazoiwezesha Windows kuitumia kadi, pia ni mbili tofauti. Aliondoa draiva za kadi ya zamani, akapakua za Intel kwa simu yake iliyounganishwa kwa kebo, akazima Fast Startup, maana ikiwa imewashwa Windows haizimiki kikamilifu hata ukibonyeza kuzima. Akachomoa chaja na betri, akashikilia kitufe cha kuwashia kwa muda ili umeme uliobaki uishe. Ilipowaka tena, Bluetooth ilikuwepo.

Sasa kadi yenyewe. AX210 naipenda, ila uijue kabla ya kutoa hela. Haiongezi kasi ya bando lako. Bando likiwa dogo litabaki dogo. Masafa ya 6 GHz inayosifiwa nayo yanahitaji ruta ya Wi-Fi 6E, na ofisini kwetu hatuna. Faida niliyoipata ni 5 GHz tulivu, mafaili yanayohama haraka kati ya kompyuta zetu mbili, na orodha zinazokwenda bila kukatika. Hata hiyo 5 GHz ukuta wa tofali unaichosha, kwa hiyo nikiwa ghalani narudi 2.4. Wa Windows 7 wasihangaike nayo, haina draiva yake. Na muuzaji akikupa kadi nyingine ya Intel, AX201 au AX211, akisema ni ile ile, kataa kwanza: kwa umbo zinafanana, lakini hizo mbili zinahitaji mashine yenye prosesa ya Intel iliyotengenezwa kuzipokea. Ukizichomeka kwenye tundu la kawaida la PCIe hazisomeki.

Nililipa 20,000, antena ikiwa ndani yake. Kabla hajapokea hela alinipa laptopu, akaacha simu yake kibandani ikiwa na hotspoti, akaniambia nivuke barabara nikafungue barua pepe zangu nikiwa upande wa pili. Zilifunguka. Akanirudishia na kale kawaya kabovu bila mimi kuomba, na hilo kwangu ni jambo kubwa, kwa sababu mtu anayekuonyesha alichokitoa hana cha kukuficha.

Kasoro zake: hakuna pa kukaa, jua la saa saba linaingia moja kwa moja, na msimu wa korosho foleni ni ndefu kwa sababu makarani wengi wa vyama tunamfahamu. Nenda asubuhi, beba chaja yako, na mafaili ya malipo uyahamishie kwenye flashi kabla ya kutoka nyumbani. Jumapili hafungui.