Barolo ya Serralunga d'Alba, mavuno ya 2016: rangi nyepesi, mkono mzito

Niseme mapema, mtu asije akanilaumu. Kama mvinyo mwekundu uliouzoea ni ule mtamu, unaotoka kwenye friji na kushushiwa nyama choma, Barolo itakuudhi. Utatoa hela ya maana, utang'oa kizibo, utamimina, utaona rangi haijakolea, utaonja, ulimi utakauka, na utabaki kujiuliza Waitalia wanasifia nini hasa. Mimi naishi Turin, mji mkuu wa mkoa wa Piemonte unakotoka mvinyo huu, na hata huku wapo wenyeji waliozaliwa katikati ya mizabibu wanaokuambia bila haya kwamba siku za kazi wanakunywa Barbera au Dolcetto, mvinyo mwekundu mwingine wa huku huku. Barolo inasubiri Jumapili, Krismasi, au mkwe akija.

Chupa ninayoizungumzia ni ya kijiji cha Serralunga d'Alba, mavuno ya 2016, ya familia inayotengeneza kwa mtindo wa zamani. Niliilipia euro 50 na kitu katika duka la mvinyo la mtaani. Mwenye duka hakunipeleka kwenye rafu kwanza. Aliniuliza, "Signora, unapika nini?" Nilipomjibu kwamba ni nyama ya ng'ombe ya kupikwa taratibu, ndipo akapanda ngazi kuishusha. Ukimpata muuza mvinyo anayeuliza chakula kabla ya bajeti, mshikilie huyo huyo.

Kwa asiyeijua, Barolo hutengenezwa kwa zabibu za aina moja tu, Nebbiolo, katika vijiji 11 vya vilima vya Langhe, kusini magharibi mwa mji wa Alba. Sheria inataka mvinyo utulie miezi 38 kabla ya kuuzwa, ikihesabiwa kuanzia Novemba 1 ya mwaka wa mavuno, na 18 kati ya hiyo iwe ndani ya pipa la mbao. Ukikuta neno Riserva kwenye lebo, hiyo ni miezi 62. Kilevi hakiruhusiwi kushuka chini ya asilimia 13. Yangu iliandikwa 14.5, kwa hiyo usiinywe ukiwa na njaa. Nebbiolo yenyewe ni zao sumbufu. Huchipua mapema na kuiva mwishoni kabisa, mara nyingi Oktoba, ukungu ukiwa umeshaanza kutanda mabondeni. Maana yake ni kwamba baridi inaweza kuipiga mwanzoni na mvua ikaiharibu mwishoni. Mwaka 2016 haukuwa na vituko hivyo, msimu ulikuwa mrefu na tulivu, na ndiyo sababu chupa za mwaka huo zinatafutwa.

Tuje kwenye glasi. Shemeji yangu alikuwa ametutembelea kutoka Mombasa, na nilipomimina tu akacheka. "Shemeji, hii wameitia maji." Ukiiangalia, huwezi kumlaumu: weka glasi juu ya gazeti na utasoma maandishi ya chini. Katikati ni wekundu hafifu, pembeni umegeuka rangi ya tofali. Maganda ya Nebbiolo yana rangi ya aina isiyoshika sana, na hewa huila mapema, kwa hiyo mvinyo unaonekana mzee kabla ya umri wake. Anayepima mvinyo kwa weusi wake ataipita Barolo dukani.

Harufu ndiyo iliyomnyamazisha shemeji, ingawa si papo hapo. Dakika za kwanza ilinuka mbao na udongo, basi. Niliihamishia kwenye jagi pana la kioo nikaiacha wakati nyama inaendelea jikoni. Wataalamu husema Barolo inanukia lami na waridi, na mara hii hawatii chumvi. Waridi lake ni lililokauka, lile linalobaki kwenye kanga siku kadhaa baada ya shughuli. Lami ni lami kweli, ya barabara inayotandikwa juani, ila imetulia na haichomi pua. Chini ya hivyo viwili kuna cheri, kuna ganda la chungwa lililokaushwa, na kwa mbali tumbaku. Kila nilipoirudia glasi nilikuta kimoja kimetangulia mbele na kingine kimerudi nyuma, na nilijikuta nanusa kuliko ninavyokunywa.

Mdomoni ndipo penye kesi. Kama umewahi kung'ata bibo ambalo halijaiva sawasawa, ule ukakasi unaokamata ufizi na kuvuta mashavu kwa ndani, basi umeshakutana na Nebbiolo. Kinachofanya hivyo ni tanini zinazotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Zinashikana na protini za mate, utelezi unaondoka, mdomo unabaki mkavu. Barolo inazo kwa wingi kuliko unavyotarajia kwa rangi ile. Halafu papo hapo uchachu wake, ambao nao ni mkubwa, unaamsha mate upya. Kwa hiyo unakaushwa na kuloweshwa kwa wakati mmoja, na katikati ya vurugu hiyo cheri inapita taratibu na kubaki kooni muda mrefu baada ya kumeza. Utamu wa sukari hakuna kabisa. Wenyewe husimulia kwamba hadi karne ya 19 ilikuwa na utamu, kwa sababu baridi ilisimamisha uchachushaji kabla sukari haijaisha. Sijui kama ningeipenda hiyo zaidi, lakini shemeji alisema yeye angeipenda.

Ukali huu una wenyewe. Serralunga iko upande wa mashariki wa eneo la Barolo, ardhi yake ni ya zamani zaidi na ina mawe ya mchanga, na mvinyo wake hujulikana kwa ugumu na maisha marefu. Ukivuka bonde kwenda kijiji cha La Morra, udongo ni wa mfinyanzi wenye chokaa na rangi ya samawati, na Barolo ya huko huwa laini, yenye manukato ya mapema. Halafu kuna mkono wa mtengenezaji. Kwa njia ya zamani, maganda huachwa ndani ya maji ya zabibu mwezi mzima au zaidi, kisha mvinyo huhamishiwa kwenye mapipa makubwa ya mwaloni yanayobeba maelfu ya lita. Pipa kubwa namna hiyo, tena lililotumika miaka, halitii ladha yake. Linauacha mvinyo upumue polepole tu.

Njia hiyo ilizua ugomvi mkubwa. Miaka ya 1980 kundi la vijana wa Langhe waliona baba zao wanatengeneza mvinyo usiouzika. Wakapunguza siku za kuloweka maganda, wakaleta mapipa madogo ya Kifaransa ya lita 225, na mvinyo ukatoka laini, wenye kunukia vanila, unaonyweka mapema. Elio Altare wa La Morra alichukua msumeno wa mota mwaka 1983 akayakata mapipa ya zamani ya baba yake, na baba akamnyima urithi. Upande wa pili alisimama mzee Bartolo Mascarello wa kijiji cha Barolo, ambaye alifika kuchora lebo yenye maneno "No Barrique No Berlusconi", akikataa pipa dogo (barrique) na Berlusconi, aliyekuwa waziri mkuu wa Italia, kwa mpigo mmoja. Leo wengi wamekutana katikati. Mimi nimeonja za pande zote mbili, na sina shida na wa kisasa, lakini vanila ya pipa jipya inafunika lile waridi. Kama nikitaka vanila nitanunua mvinyo wa bei nafuu wa nchi yoyote. Waridi na lami kwa pamoja sijavipata kwingine.

Chakula. Nilipika brasato, nyama ya ng'ombe nzima isiyokatwakatwa, iliyolala kwenye mvinyo usiku kucha pamoja na karoti, vitunguu na seleri, kisha ikachemka polepole mpaka ikaachia. Jina rasmi ni brasato al Barolo, lakini nilitumia Barbera. Kumwaga chupa ya euro 50 sufuriani ni israfu, na sijamkuta mama wa Kipiemonte anayefanya hivyo nyumbani kwake. Hapo ndipo mvinyo ulipobadilika tabia. Protini na mafuta ya nyama yakazipa tanini kitu cha kushika badala ya ufizi wako, na ule ukakasi ukageuka kuwa kitu cha kusafisha mdomo kati ya tonge na tonge. Shemeji alimaliza glasi ya pili bila kusema lolote kuhusu maji.

Nimejaribu pia kuinywa na vyakula vya kwetu. Pilau ya nyama, kama mkono wa pilipili manga ni mwepesi, inakubali vizuri. Karafuu na mdalasini vinaungana na ule ukavu wa ganda la chungwa. Mbuzi wa kuoka pia. Samaki wa nazi usithubutu, na chochote chenye pilipili kali kitafanya kilevi kichome na tanini zizidi ubaya. Jibini ngumu iliyokaa inatosha kama hutaki kupika.

Jambo moja la vitendo kwa walio Dar es Salaam, Mombasa au Muscat. Lebo na vitabu husema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, na chumba kinachozungumziwa ni cha nyumba ya mawe ya Ulaya. Barolo inataka nyuzi 16 hadi 18. Kwenye nyuzi 30 itanuka kilevi kitupu. Iweke friji mpaka ishuke hapo, kisha itoe. Baridi ya soda nayo usiipe, maana ubaridi unazidisha ukakasi na kuua harufu. Chupa yenye umri isimamishe wima tangu jana yake ili mashapo yashuke chini, na mimina bila haraka. Tope jeusi la mwishoni si ubovu, lakini halina raha mdomoni.

Nilibakiza theluthi ya chupa kwa makusudi, nikaizibia. Kesho yake jioni ilikuwa nzuri kuliko siku ya kwanza. Tanini zilikuwa bado zipo ila zimelainika, na waridi limekuja mbele kabisa. Hiyo iliniambia kwamba niliifungua mapema. Mavuno ya 2016 kutoka Serralunga yanaweza kukaa miaka mingine 10 na zaidi, kama una mahali penye giza na ubaridi usiobadilikabadilika. Mimi sina, nina kabati juu ya mashine ya kufulia.

Je, ina thamani ya bei? Kwa chakula cha jioni cha watu wanne wanaokaa mezani kwa muda wa saa tatu, ndiyo, na ningenunua tena. Kwa kunywa tu ukitazama mpira, hapana kabisa. Wa matumizi hayo ni Langhe Nebbiolo, zabibu ile ile na mara nyingi kutoka kwa watengenezaji wale wale, isiyolazimika kukaa miaka pipani, na bei yake huwa nusu au chini ya hapo. Anayetaka kupiga hodi kwa Barolo bila kupigwa naye aanze na ya La Morra, au avuke Alba akanunue Barbaresco, nayo ya Nebbiolo, ambayo sheria inaidai miezi 26 tu ya kutulia. Na popote utakaponunua, angalia shingo ya chupa: lazima iwe na utepe wa karatasi wa serikali wenye herufi DOCG, yaani daraja la juu kabisa la mvinyo wa Italia, na namba yake. Barolo imekuwa na daraja hilo tangu 1980. Chupa isiyo na utepe, hata muuzaji akiapa, mwachie.

Mwisho niitaje ndugu yake ambayo watu wa kwetu wataielewa haraka kuliko Wazungu wengi: Barolo Chinato. Ni Barolo iliyotiwa gome la mkwinini, viungo na sukari, iliyoanza kama dawa ya wafamasia wa Piemonte katika karne ya 19. Uchungu wa kwinini uko pale pale, unaujua tangu utotoni, ila umefunikwa na utamu na yale manukato ya waridi. Hunywewa kidogo baada ya chakula pamoja na chokoleti nyeusi. Bei inakaribia ya Barolo yenyewe, lakini ikishafunguliwa inadumu wiki kadhaa kwenye friji.