Methadoni kwa mjamzito Dodoma: dirishani sawa, wodini bado

Mjamzito anayetumia heroini akiacha ghafla nyumbani, arosto (mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea) haimtesi peke yake: tumbo la uzazi linaweza kuanza kubana, mimba ikatoka au mtoto akazaliwa njiti. Kwa hiyo usimfungie ndani "aache". Mpeleke kliniki ya Itega, iliyo chini ya Hospitali ya Mirembe, akapewe methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini. Huduma ni bure, na dawa yenyewe haina ubishi.

Huanza na miligramu 20 hadi 30, kisha dozi hupandishwa taratibu. Kasheshe huja miezi mitatu ya mwisho. Dozi iliyokuwa ikimtosha mpaka kesho yake sasa inakatika jioni. Miayo, makamasi na jasho vinarudi. Si kwamba karudia unga (mawifi wataapa karudia). Mwili wenye mimba humaliza dawa haraka, basi aongezewe, au dozi igawanywe asubuhi na jioni. Ila kwa kawaida dawa inanywewa mbele ya mhudumu, kwa hiyo kugawa ni safari mbili kwa siku. Wa Chang'ombe ya hapa Dodoma mjini atajikongoja; wa Mpwapwa asiye na ndugu wa kumpokea mjini, hata hiyo moja haimudu.

Udhaifu mkubwa uko wodi ya wazazi, popote atakapojifungulia. Kadi yake iandikwe methadoni na miligramu zake. Mkunga asiyejua akimchoma pentazosini ya maumivu, arosto inalipuka palepale. Mtoto naye akichelewa kupumua, apumulishwe kwa ambu, ule mfuko wa kusukuma hewa; naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya heroini na methadoni, inaweza kumletea degedege.

Halafu kuna kuruhusiwa mapema. Baada ya saa 24 mtoto anaonekana mzima kabisa, kwa sababu arosto ya methadoni kwa kichanga huanza mara nyingi kati ya saa 48 na 72. Akishafika nyumbani ndipo kilio chembamba kinapoanza, mikono inatetemeka, chafya mfululizo, ananyonya kwa pupa lakini hashibi. Mama adai kubaki wodini siku tano hadi saba. Watoto wengi hutulia bila dawa: mwanga hafifu, ngozi kwa ngozi, kufungwa vizuri kwa kanga, kunyonya kidogo kidogo mara nyingi. Asiyeweza kunyonya, kulala wala kubembelezeka ndiye wa kupewa mofini ya kunywa, hospitalini tu.

Na anyonyeshe. Methadoni inayopita kwenye maziwa ni kidogo mno. Akiambiwa maziwa yake ni sumu, aulize aliyesema amesoma wapi.