Kutoka Galaxy S10 kwenda S24: betri mpya iliniongezea miezi 14

Simu yangu ilianza kuzima ikiwa na chaji asilimia 22. Haikuzima nikiongea wala nikisoma. Ilizima nikifungua kamera. Nainyanyua nimpige binti yangu picha, kioo kinakuwa cheusi, na yeye anamaliza kuimba na kushuka jukwaani sijapata hata picha moja. Nikiichomeka kwenye chaja inawaka na kuniambia ina asilimia 19, kana kwamba si yenyewe iliyokata roho dakika mbili zilizopita.

Ni Samsung Galaxy S10, niliinunua mpya mwaka 2019. Sina neno nayo. Ilikuwa imetimiza miaka 5 mkononi mwangu, imeanguka mara nisizoweza kuzihesabu, imemaliza kava nne na protekta sijui ngapi. Lakini kila aliyeiona ikizima alikuwa na dawa ileile. "Mjomba, hiyo ipeleke makumbusho," alisema mpwa wangu, ambaye hubadili simu kama nguo.

Nikaanza kufuatilia habari za S24, iliyokuwa imetoka Januari 2024. Nikaishika mkononi mara mbili, na mara zote mbili nikairudisha. Ilikuwa nzuri, sikatai. Ila nikijiuliza nataka nini hasa, jibu lilikuwa moja tu: nataka hii niliyonayo iache kuzima.

Hapo ndipo wengi wetu tunapopotezea hela. Betri za simu, iwe ya kampuni yoyote, ni za lithiamu, na vinavyozizeesha ni kuchajiwa na joto. Mzunguko mmoja wa chaji si kila unapochomeka waya. Ukitumia nusu leo ukachaji, kesho ukatumia nusu nyingine ukachaji, huo ndio mzunguko mmoja. Kwa hiyo anayemaliza chaji nzima kila siku anapita mizunguko 300 kwa mwaka bila kujua. Apple wanaeleza kwamba betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500, na kuanzia iPhone 15 ikawa mizunguko 1,000. Betri yangu ilikuwa na miaka 5. Piga hesabu mwenyewe.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba betri iliyochoka haipungui ujazo tu, bali hata ukinzani wake wa ndani hupanda. Kamera, mwanga wa kioo na prosesa vikidai umeme kwa mpigo, volti zinaporomoka na simu inajizima, hata kama namba pale juu inasema chaji ipo. Ndiyo maana yangu ilikuwa ikinitoroka kwenye kamera na kunivumilia kwenye ujumbe. Kuna hata simu zinazopunguzwa kasi kwa sababu hiyo: Desemba 2017 Apple walikiri kwamba programu yao ilikuwa ikizipunguzia kasi iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisizime ghafla. Unaweza basi kuilaani simu kwamba imekuwa konokono, kumbe kinachodai ni betri.

Nikaenda kwa fundi kubadilisha betri. Wa kwanza alinimalizia kazi kwa dakika 20 na bei yake ilikuwa ya kutupa. Nikatoka nimefurahi. Mwezi wa tatu baada ya hapo nikaona kioo cha nyuma kimeinuka kona moja. Nikadhani ni gundi. Nikabonyeza kwa kidole, kikarudi juu taratibu, kama mto. Betri ilikuwa imeumuka. Kama yako itafanya hivyo, izime, usiichaji tena hata kidogo, usiibonyeze kama nilivyofanya mimi, na usijaribu kuitoboa eti ipungue.

Fundi wa pili alikuwa dada mmoja asiye na maneno mengi. Aliilaza simu juu ya kisahani cha moto hadi gundi ikalegea, akapenyeza kipande cha plastiki chembamba kama ukucha, akakizungusha pembeni milimita kwa milimita, maana mgongo wa S10 ni kioo na ukikipinda kinapasuka. Akafungua skrubu, akachomoa waya wa betri kabla ya kugusa kingine chochote. Kisha akadondosha spiriti pembeni mwa betri, akaacha. Mimi nikawa naangalia saa, yeye wala. Alipoiinua, ilikuwa imevimba katikati kama andazi. Akaiweka kwenye kopo la mchanga, akaniangalia.

"Kaka, hii ulikuwa unalala nayo?"

Nilikuwa nalala nayo, chini ya mto.

Juu ya ile betri bandia ya fundi wa kwanza paliandikwa ujazo wa 3,400 mAh, sawasawa na ile ya asili. Kabla ya kufunga betri mpya aliziweka zote mbili kwenye mzani mdogo, moja baada ya nyingine. Ya bandia ilikuwa nyepesi hata bila kusoma namba. Ukishika tu unajua ndani hakuna kitu. Hakunihubiria. Aliongeza jambo moja tu: simu ikishafunguliwa, sahau habari za kuzuia maji, hata ukirudishiwa gundi mpya. Gharama yake yote haikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya simu mpya.

Simu ikaamka. Asubuhi hadi usiku, kamera inafunguka, hakuna kuzima. Nikatumia na jioni moja kusafisha hifadhi, na hapo nikakuta WhatsApp peke yake imekalia GB 31, karibu zote video za magrupu ambazo sikumbuki hata kuzifungua. Hifadhi ya simu ikikaribia kujaa, kuandika vitu vipya kunakuwa kwa kusuasua, kwa hiyo sehemu ya ule "uzee" niliokuwa nauona ilikuwa takataka zangu mwenyewe. Kwa miezi 14 sikuwa na sababu ya kununua chochote.

Basi kwa nini leo naandika haya kwenye S24?

Siku moja nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa kwenye mipangilio, nikafungua ukurasa unaoonyesha toleo la programu. Pale kwenye tarehe ya sahihisho la mwisho la usalama paliandikwa mwaka 2023. Tulikuwa 2025. Si hitilafu. S10 ilitoka na Android 9, yaani toleo la 9 la mfumo unaoendesha simu, ikapandishwa hadi Android 12, muda wake wa kuhudumiwa ukaisha, basi. Nililijua jambo hilo kwa juu juu na sikulijali, kwa sababu kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. WhatsApp mwaka huo ilikuwa bado inakubali hata simu za Android 5, sembuse yangu ya 12.

Lakini kufanya kazi ni jambo moja. Kila mwezi Google hutoa taarifa ya matundu ya usalama yaliyogunduliwa kwenye Android, na watengenezaji huyaziba kwenye simu wanazoendelea kuzihudumia. Taarifa hiyo ni ya wazi, anaisoma mwema na anaisoma mwizi. Ni kama kubandika ukutani orodha ya madirisha yasiyofungika mtaani, halafu nyumba zote ziletewe komeo isipokuwa yako. Nikakaa nikahesabu nilichoweka ndani ya nyumba hiyo: benki, barua pepe ambayo ndiyo ufunguo wa akaunti nyingine zote, picha za vitambulisho, makaratasi ya kazi. Kamera ya simu mpya haikuwahi kunishawishi, kasi yake pia haikunishawishi. Tarehe ile ilinishawishi usiku uleule.

Kama simu yako huiwekei benki wala kazi, ni ya muziki na kupiga stori tu, hesabu yako inaweza kutoka tofauti na yangu.

Kuchagua hakukuchukua muda. S25 ilikuwa imeshatoka, na mpwa wangu aliona ni aibu kununua ya mwaka uliopita, tena iliyotumika. Mimi niliangalia kitu kimoja: Samsung waliahidi S24 masasisho kwa miaka 7, yaani hadi 2031. Google walikuwa wametangulia na ahadi kama hiyo kwa simu yao ya Pixel 8 mwaka 2023. Zamani simu ya mkononi mwa mtu ilikuwa hasara, kwa sababu unapoinunua nusu ya umri wake wa kuhudumiwa umeshaondoka. Sasa mwenye kwanza anaitumia mwaka na nusu, na bado inabaki na miaka zaidi ya ile niliyopewa S10 ikiwa mpya. Umoja wa Ulaya nao umeingiza jambo hili kwenye sheria: tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa sokoni kwao zinatakiwa zihudumiwe kwa programu angalau miaka 5 tangu modeli ilipoacha kuuzwa, na betri ibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800.

Kabla ya kulipa nilibonyeza *#06# nikalinganisha namba ya IMEI, ile inayotambulisha kila simu, na ile ya kwenye boksi. Nikabonyeza *#0*#, ambayo kwenye Samsung hufungua ukurasa wa majaribio, nikapitisha kioo kwenye rangi nyekundu, kijani na bluu nione kama kuna alama zilizoganda. Halafu nikamwomba muuzaji aondoe akaunti yake mbele yangu, aifute simu, na niiwashe mwenyewe kuanzia mwanzo. Hapo usimwonee mtu haya. Simu iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine ni tofali.

Kuhamisha vitu kulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa, isipokuwa nilifanya uzembe mmoja. WhatsApp ilihama kwa kuskani tu msimbo, picha na namba zikaja kwa waya. Kilichonitoa jasho ni ile programu inayotoa namba za siri za kuingilia akaunti, zile zinazobadilika kila sekunde 30. Yangu ilikuwa imehifadhi kila kitu ndani ya simu ya zamani tu, na nilikuwa kwenye ukurasa wa kuifuta simu hiyo, kidole kiko juu ya kitufe, ndipo nikakumbuka. Nakushauri ukae na simu mbili wiki nzima kabla ya kufuta chochote.

Sasa S24 yenyewe. Kioo chake cha hetzi 120, yaani kinachobadilisha picha mara 120 kwa sekunde, nilikiona siku mbili za kwanza, kikanizoea nikakizoea, na sikukikumbuka tena hadi siku niliposhika S10 na kuona maandishi yanaruka-ruka. Picha za mchana nilimwonyesha dada yangu, za simu mbili pembeni kwa pembeni, akachagua za S10 mara tatu kati ya tano. Usiku ni habari nyingine, S24 inaiacha mbali, na kamera ya kuvuta mara 3 ndiyo iliyonipatia hatimaye picha ya binti yangu jukwaani. Chaji nalala nayo asilimia 30 hivi. Nimeweka isichaji kupita 80, kwa sababu nimeshajua mwisho wa betri unavyokuwa na sina haraka ya kuufikia tena. Mbwembwe za akili mnemba nilizijaribu jioni moja. Iliyobaki ni ile ya kuzungushia kitu duara ukakitafuta, ambayo ilinitajia jina la ua nililokuwa nalimwagilia miaka yote bila kulijua.

Nilivyovikosa ni viwili, na nilijua tangu mwanzo kwamba nitavikosa: tundu la hedifoni na nafasi ya kadi ya memori. Kadi yangu ilikuwa ya GB 256, ndiyo maana nilitafuta S24 ya GB 256 nisijibane. Tundu la hedifoni halina mbadala. Hizo zisizo na waya ni nzuri mpaka pale moja inapoingia chini ya kiti. Boksi halina kichwa cha chaja, ila waya na chaja za S10 zinaingia palepale. Inachaji polepole kidogo, nami usiku sina pa kwenda.

S10 sikuiuza. Nimeitoa benki, barua pepe na kila chenye neno la siri, nikaibakizia muziki. Inakaa kando ya kitanda, si chini ya mto, na waya wake wa masikioni.

Wiki iliyopita mpwa wangu alikuja analalamika, simu yake ya mwaka jana "imechoka", inakwama, haipigi hata picha, anataka nimwongezee hela abadilishe. Nikamwambia ailete nione. Kwenye GB 256 zilikuwa zimebaki mbili. Tulianza kufuta video saa mbili usiku, saa nne tulikuwa bado tunafuta.