Gari la turbo Nairobi: ubaki na boksi la filta la kiwandani au ununue mfumo mpya wa hewa?

Ukishuka Kirinyaga Road kutafuta filta ya Forester XT au Impreza WRX, utawekewa vitu vinne mezani. Kuna filta ya karatasi ya kuingia kwenye boksi la kiwandani. Kuna ya kuosha yenye umbo lile lile, K&N ikiwa ndiyo maarufu zaidi. Kuna filta ya wazi isiyo na boksi, yenye umbo la uyoga au koni, iliyong'olewa kwenye gari la ex-Japan, na mwisho bomba la aluminiamu linalometameta, lenye koni nyekundu na lisilo na jina la mtengenezaji. Kit kamili ya mfumo wa hewa, yenye boksi lake lililofungwa, mara nyingi huagizwa kutoka nje.

Kwa gari ambalo turbo yake ni ya kiwandani, filta nzuri ya karatasi ndani ya boksi lisilovuja inavishinda vyote isipokuwa hiyo kit iliyofungwa. Na kit yenyewe ina maana tu kama umetenga pesa za kurekebisha programu ya kompyuta ya gari. Bomba la kumetameta tungelikataa hata likitolewa bure.

Wengi husema kubanwa kwa hewa hakulidhuru gari la turbo kwa kuwa turbo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, itafidia. Ni kweli inafidia, lakini kwa gharama. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huku ni karibu kilopaskali 82, ilhali Mombasa ni 101. Tuseme kompyuta inataka kilopaskali 200 ndani ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda). Mombasa turbo inazidisha presha ya hewa mara 2 hivi, Nairobi mara 2.4. Filta iliyoziba ikinyang'anya kilopaskali 5, zinabaki 77 mdomoni mwa turbo, na sasa inabidi izidishe mara 2.6. Kila hatua ya namna hiyo ni kasi zaidi kwenye shafti na joto zaidi kuelekea kwenye intakula (kipoza hewa kilicho baada ya turbo). Kwa hiyo njia ya hewa iliyo wazi ina faida kubwa zaidi hapa kuliko pwani. Swali ni kama boksi lako linabana kweli, na hilo hupimwa, halikisiwi.

Kipimo chake ni rahisi. Tafuta mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa mita 3 hivi, na kiungo cha T. Unganisha kwenye hosi yoyote ndogo inayoingia katika bomba lililo kati ya filta na turbo, pitisha mpira hadi ndani ya gari, upinde umbo la U na utie maji kidogo yenye rangi. Injini ikivuta, maji hupanda upande mmoja. Tofauti ya sentimita 10 kati ya pande mbili ni kilopaskali 1. Dereva akanyage mafuta hadi mwisho kwenye mlima wa barabara isiyo na msongamano, na abiria ndiye asome. Usifupishe mpira, maji yasije yakanyonywa hadi kwenye turbo. Ukipata sentimita 20 au 30 filta ikiwa mpya, hakuna cha maana utakachopata kwa kubadilisha mfumo mzima. Ukikaribia 60, toa filta kwanza uiangalie kabla ya kulaumu boksi.

Kuhusu filta zenyewe, adui wa Nairobi ni vumbi. Gari linalolala Ruai, Kamulu au Kitengela na kupita barabara isiyo na lami kila siku halina maisha sawa na linaloishia Westlands. Filta ya karatasi huchuja vizuri na haidai ujuzi wowote, ikichafuka unatupa. Tatizo ni mazoea ya kuipuliza kwa kompresa kila sevisi. Upepo ule hutoboa karatasi. Weka tochi ya simu nyuma yake gizani: ukiona hata nukta moja ya mwanga mkali, filta hiyo imekwisha. Ya pamba na mafuta, kama K&N, hupitisha hewa vizuri lakini inamtegemea anayeiosha. Ikipakwa mafuta kupita kiasi, mafuta hayo huruka na kushika kwenye waya wa sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia kwenye injini), sensa ikaanza kusoma uongo. Ukitaka ya kuosha, chukua ya kitambaa kikavu kama AEM Dryflow.

Uyoga wa HKS unaokuja na magari ya ex-Japan hauna ubaya ukiwa mpya. Lakini ule ni sponji, na sponji iliyozeeka humumunyuka. Ukiibonyeza kwa kidole na vipande vikabaki mkononi, ujue vingine vimeshaelekea kwenye turbo. Sponji yake hubadilishwa, haioshwi. Ile ya Blitz ya wavu wa chuma ni nzuri kwa macho na kwa barabara za Japani. Kwa vumbi letu, hapana.

Sasa MAF, maana hapa ndipo injini hufia. Sensa hii haihesabu hewa yote. Inapima kasi ya hewa inayopita kwenye waya wake, kisha kompyuta inakadiria jumla kwa kuamini kwamba bomba lina upana ule ule wa kiwandani. Badilisha kipenyo cha ndani kutoka milimita 65 hadi 70, na eneo linaongezeka kwa asilimia 16. Hewa ile ile sasa inapita polepole, na kompyuta inaona pungufu ya asilimia 14 hivi. Ukienda taratibu, sensa ya oksijeni hugundua na kuongeza mafuta, kwa hiyo gari linaonekana sawa kabisa. Ukikanyaga hadi mwisho, kompyuta huacha kuisikiliza sensa hiyo na kurudi kwenye hesabu zake. Mchanganyiko wa hewa kwa mafuta uliopaswa kuwa 11 kwa 1 unaweza kufika karibu 12.8, na kwa kuwa kompyuta inadhani mzigo ni mdogo, inawahisha na cheche pia. Mafuta hulipuka kabla ya wakati. Kwenye injini za EJ za Subaru kinachovunjika kwanza mara nyingi ni kingo za pistoni zinazoshika ringi, na baada ya hapo ni moshi wa buluu na gharama ya injini. Kumbuka pia kwamba Impreza STI ya soko la Japani ilipangiwa petroli ya kule yenye oktani ya karibu 100, ambayo si ile ya pampu zetu. Nafasi ya kukosea imeshapungua kabla hujagusa bomba.

Si kila gari lina MAF. Toyota Chaser JZX100 yenye injini ya 1JZ VVT-i hupima presha ndani ya manifoldi, kwa hiyo kubadilisha bomba hakuichanganyi. Lancer Evolution ya 4 hadi 9 nayo ina kipimo cha aina nyingine, kilichofungwa kwenye boksi lenyewe. Fungua boneti uangalie. Usikubali "hii inaingia gari zote".

Joto na maji havihitaji maneno mengi. Koni iliyo wazi chini ya boneti hunywa hewa ya radieta kwenye jam ya Outering Road, na kila nyuzi 10 za ziada hupunguza uzito wa hewa kwa asilimia 3 hivi. Koni iliyoshushwa nyuma ya bampa hupata hewa baridi, lakini kwenye mvua za Aprili, maji yanaposimama barabarani, hunyonya maji. Silinda iliyojaa maji hupinda konrodi (mkono wa pistoni) mara moja. Ukitaka sauti na pumzi kidogo bila kugusa MAF, kwenye WRX za miaka ya 2000 unaweza kutoa resoneta (kisanduku cha kupunguza sauti ya hewa) iliyo ndani ya madigadi, kwa kuwa iko kabla ya filta. Hakikisha kwanza ile plastiki ya kukinga matope juu ya gurudumu ipo. Magari mengi hapa hayana.

Kabla ya kununua chochote, tafuta uvujaji. Uvujaji kati ya MAF na turbo huingiza hewa isiyopimwa pamoja na vumbi. Uvujaji baada ya turbo hutoa hewa iliyokwisha kupimwa: gari linatoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Nunua kifuniko cha bomba la PVC hadwea, kitoboe na kukitia valvu ya tairi la tyubulesi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, ondoa bomba kwenye boksi, chomeka kifuniko, funga kwa klipu, jaza upepo hadi PSI 10, usizidi 15. Pulizia maji ya sabuni kila kiungo. Kwenye EJ, shuku kwanza bomba la mpira linaloingia kwenye turbo: limejificha chini ya manifoldi, hupasuka kwa uzee, na kulibadilisha humaanisha kufungua manifoldi. Ukiweka la silikoni, liwe nene, lisilobonyea kwa vidole. Jepesi hujikunja likivutwa na turbo. Hosi za kupumulia injini na ile ya valvu ya kurudisha hewa lazima zirudi mahali pake. Valvu inayotema hewa nje kwa sauti ya "psshh" kwenye gari la MAF inatupa hewa iliyokwisha kuhesabiwa, na ndiyo sababu magari hayo huzima yakifika kwenye taa.

Ukiamua kununua kit, dai tatu: boksi linalofunga kabisa dhidi ya joto, kipenyo cha sehemu ya MAF kilichoandikwa kwa milimita, na ile nyavu au vipande vya kunyoosha hewa mbele ya sensa kama gari lilikuja navyo. Hamisha MAF bila kugusa waya; ikichafuka, tumia dawa ya MAF pekee, si ya kabureta. Baada ya kilomita 200 soma marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (long-term fuel trim) kwenye skana. Ndani ya asilimia 5, juu au chini, ni sawa. Zaidi ya 10, usikanyage tena hadi programu irekebishwe. Kisha fungua bomba na upanguse ndani yake, nyuma ya filta, kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi, rudisha boksi la zamani siku hiyo hiyo, kwa hiyo usiliuze mapema.