Vidonge vya Kuongeza Damu: Kipi Ununue na Kipi Ukiache Dukani

Mteja akiingia katika duka la dawa na kusema kwamba anataka dawa ya kuongeza damu, muuzaji anaweza kumwekea juu ya kaunta vitu vinne visivyofanana: pakiti ya vidonge vya bei ya chini, boksi la vidonge vya kutafuna vya bei ya juu, chupa ya dawa ya maji yenye picha ya komamanga, na kopo la multivitamini kutoka ng'ambo. Nimevipanga hapa kwa kufuata zaidi namba moja, yaani kiasi cha madini ya chuma halisi kilichomo katika dozi moja, kwa sababu bei na picha ya kwenye boksi hazimwambii mnunuzi jambo lolote la maana.

Namba hiyo haionekani kwa urahisi. Kidonge kilichoandikwa ferasi salfeti miligramu 200 hakina miligramu 200 za chuma, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito huo ni salfeti, na chuma chenyewe ni takriban miligramu 65. Ferasi fumareti ya miligramu 200 nayo hutoa takriban 65, ilhali ferasi glukoneti ya miligramu 300 hutoa 35 tu. Geuza boksi, utafute maandishi madogo yanayotaja chuma halisi, na usipoyaona umwulize mfamasia.

Hata hivyo, usinunue chochote kabla ya kupima wingi wa damu. Mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu hemoglobini (sehemu nyekundu ya damu inayobeba oksijeni) ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, na mjamzito ikiwa chini ya 11. Mwenye selimundu hapaswi kumeza chuma kwa kubahatisha, kwani damu yake hupungua kwa sababu nyingine na chuma kinaweza kurundikana mwilini. Mwanamume mzima, au mama aliyekwisha koma hedhi, akikutwa na upungufu, atafutiwe kwanza mahali damu inapopotelea: vidonda vya tumbo, minyoo ya safura, kichocho na kadhalika.

Nafasi ya kwanza naipa ferasi salfeti au ferasi fumareti iliyochanganywa na foliki asidi (aina ya vitamini B), ambayo ndiyo ya bei nafuu kuliko zote na ndiyo wajawazito wanayopewa kliniki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate kila siku chuma cha miligramu 30 hadi 60 pamoja na foliki asidi ya miligramu 0.4. Hapa mnunuzi awe makini, kwa sababu dukani kipo pia kidonge cha foliki asidi cha miligramu 5, na wengi hudhani kwamba kikubwa ndicho bora. Dozi hiyo kubwa hudhoofisha nguvu ya SP, dawa ambayo mjamzito humezeshwa kliniki ili kujikinga na malaria, hivyo asiitumie ila kwa maelekezo ya daktari. Kwa anayepanga kupata mimba, foliki asidi ianze kabla, maana uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika wiki nne za mwanzo, wakati ambapo mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito, na usipofunga mtoto huzaliwa na mgongo wazi.

Nafasi ya pili ni chuma cha polimaltosi, ambacho mara nyingi huuzwa kama vidonge vya kutafuna. Hakichafui tumbo sana na humezwa pamoja na chakula, lakini bei yake ni kubwa na damu hupanda polepole zaidi. Kinamfaa aliyejaribu salfeti ikamshinda.

Ya tatu ni dawa ya maji, kwa watoto na kwa wasioweza kumeza vidonge. Linganisha kiasi cha chuma katika kila mililita 5, na mnywaji atumie mrija, kwani hutia meno weusi.

Multivitamini naiweka ya nne. Niliwahi kusoma kopo moja lenye viambato zaidi ya ishirini nikakuta chuma miligramu 4, tena pamoja na kalisi, ambayo huzuia chuma kufyonzwa. Mwenye upungufu wa damu atalitumia miezi na kubaki palepale.

Mwisho kabisa ni bitiruti, juisi ya rozela na unga wa mlonge. Ni vyakula vizuri, sina ugomvi navyo, ila wekundu si chuma: gramu 100 za bitiruti hazifikishi hata miligramu 1.

Ukishanunua, meza kidonge kimoja kwa siku, kabla ya kula, kwa maji au juisi ya chungwa. Chai, kahawa na maziwa vikae mbali kwa saa mbili, jambo ambalo kwetu ni gumu kwa kuwa asubuhi bila chai haijawa asubuhi. Basi kidonge kihamie saa nne au wakati wa kulala. Anayetumia antibiotiki kama doksisaiklini au siprofloksasini, au dawa ya tezi ya shingo (thairoidi), aulizie namna ya kuachanisha saa. Choo kitakuwa cheusi, na hilo lisikutishe. Tumbo likisumbua, kumeza siku moja na kuruka moja hupunguza kero, na mwili hufyonza vizuri zaidi kutoka katika kila kidonge. Pima tena baada ya mwezi, ambapo hemoglobini kwa kawaida huwa imepanda gramu 1 hadi 2, na ikishafika sawa endelea miezi mitatu zaidi ili akiba ijae.

Pakiti ifungiwe kabatini, juu. Vidonge vingi vya aina hii vimepakwa sukari na rangi nyekundu, mtoto huviona peremende, na vichache tu vinaweza kumuua.