Pete nyembamba za kamera ya darubini: uzoefu wangu na filta ya milimita 2

Pete hizi, zinazowekwa kati ya darubini na kamera ili kuongeza umbali kidogo, nilizinunua kwa sababu ya filta tu. Napiga picha za anga kwa darubini ndogo ya lenzi na kamera ya ZWO ASI2600MC Pro. Nyuma ya darubini kuna flatena, yaani lenzi inayofanya nyota za pembeni ziwe kali kama za katikati, na kama flatena nyingi, inataka sensa ya kamera ikae milimita 55 kutoka kwenye bega lake, pale uzi wake unapoishia. Bila filta hesabu inatimia: kamera 17.5, droo ya filta 21, pete ndefu 16.5. Jumla 55 kamili.

Ukiingiza filta kwenye droo, 55 haitoshi tena. Mwanga unaotoka kwenye flatena unakuja ukijikusanya kuelekea sehemu moja. Ukipita kwenye kioo bapa unapinda, kwa hiyo unakutana mbali kidogo kuliko ulivyokusudiwa. Kiasi cha kusogea ni unene wa kioo mara (n−1)/n, ambapo n ni kipimo cha jinsi kioo kinavyopinda mwanga, na kwa vioo vya kawaida ni takriban 1.5. Kwa lugha ya fundi: gawa unene kwa tatu. Filta yangu ya bendi mbili, inayopitisha Ha na OIII (mwanga wa hidrojeni na wa oksijeni wa nebula), ina unene wa milimita 2, hivyo sensa inatakiwa kukaa 55.67. Unaongeza, hupunguzi. Na hii ni kwa filta iliyo kati ya flatena na sensa. Ikiwa mbele ya flatena, 55 inabaki 55.

Kifurushi kina pete za unene wa milimita 0.1 hadi 1, za uzi wa M48 (kipenyo cha milimita 48). Nikaweka ya 0.5 na ya 0.2, nikapata 55.7. Sehemu tatu za mia za milimita zinazozidi hazina maana yoyote kwangu.

Nilijaribu kwa Nebula ya Carina, ambayo huku kwetu Iringa inapanda vizuri upande wa kusini. Bila pete, nyota za katikati zilikuwa safi, lakini za kwenye pembe zote nne zilivutika kama mistari inayotoka katikati ya picha. Kwa flatena nyingi hiyo ni dalili kwamba sensa iko karibu mno. Ikiwa mbali mno, nyota hulala kama zinazunguka katikati. Baada ya pete, pembe zilitulia. Si kwa ukamilifu, ila sasa sina haja ya kukata kingo za picha.

Pembe moja tu ikiwa mbaya, usihangaike na pete hizi. Huo ni mwinamo wa sensa, na pete haziuondoi. Vilevile mwenye sensa ndogo, kama ya kamera ya ASI533 yenye upande wa milimita 11.3, huenda asione tofauti yoyote. Pembe zake haziendi mbali kiasi hicho.

Kasoro zipo. Ile ya 0.1 ni nyepesi mno, inajikunja ukikaza uzi kwa pupa. Kila unapoongeza pete kamera inakaza ikiwa imegeukia upande mwingine, kwa hiyo mpangilio wa picha unaanza upya. Pima kila pete kwa kalipa kabla ya kuiamini. Na kumbuka kioo cha kinga kilicho mbele ya sensa nacho ni kioo: wapo watengenezaji waliokwisha kukihesabu kwenye kipimo chao na wapo ambao hawajakihesabu, kwa hiyo soma maelezo ya kamera yako.

Kwa bei yake, nazipa nyota nne kati ya tano. Ukishazifunga, usizifungue kila unapotoa filta kwenda kupiga galaksi: weka kwenye droo filta ya UV/IR (inayozuia mwanga wa urujuanimno na wa infraredi) yenye unene uleule, na 55.7 yako inabaki ilivyo.