Uzoefu wangu wa kuhamia kadi ya picha ya RTX 4070 Super hapa Dar: angalia wati kabla hujaangalia FPS (fremu kwa sekunde)

Nimekaa na GTX 1660 Super miaka minne na ushee, na sina neno baya juu yake. Memori ya 6GB, wati 125, waya moja tu ya umeme ya pini nane, kwenye 1080p (ukali wa picha wa monita za kawaida) ilikua inacheza karibu kila kitu. Shida ilianza nilipobadilisha monita, nikachukua ya inchi 27, 1440p (nukta nyingi zaidi ya 1080p), hezi 165, afu nikawasha gemu la Cyberpunk 2077 nikakuta fremu 35, ukiingia mtaa wenye watu wengi inashuka mpaka 28 na picha inakwamakwama. Hapo nikaanza kutafuta kadi kubwa, na ilinichukua miezi mitatu mpaka nikanunua.

Hesabu ya kwanza niliyopiga ni ile wengi wetu tunayopiga, fremu nyingi kwa hela ndogo. Kwa hesabu hiyo RTX 3080 iliyotumika ndo inakuja juu, maana tangu Ethereum, sarafu ya kidijitali iliyokua inachimbwa kwa kadi za picha, iache uchimbaji Septemba 2022 kadi za wachimbaji zilimwagika sokoni na bei ikashuka. Nikaipata moja Kariakoo, 10GB, bei karibu nusu ya kadi mpya. Jamaa wa duka akaniambia "kaka hii haijachimba kitu, gemu tu, chukua kwa amani". Nikamwomba aichomeke niiangalie dakika 20, akakubali, na hilo nampongeza kwa sababu kuna wengine hata umeme hawakuwashii. Nikaweka HWiNFO, programu ya kusoma joto na umeme wa kompyuta, kwenye flashi, nikawasha gemu. Joto la chipu lilikua sawa tu, 72. Ila joto la memori lilipanda mpaka 106 ndani ya dakika sita. Memori za GDDR6X zikifika 110 kadi inajipunguza spidi yenyewe, na kufika huko haraka hivyo mara nyingi ni dalili kwamba zile pedi za kupitisha joto zimeshachoka. Dakika ya kumi na mbili kompyuta nzima ikazima ghafla. Mwenye duka akasema ni pawa saplai yake, na inawezekana kabisa ni kweli, 3080 inakula wati 320 na kuna sekunde ndogo sana inavuta zaidi ya hapo sana, pawa saplai isiyo na nguvu inajikata. Lakini nilitoka pale nikiwa nimeelewa kitu ambacho video zote nilizoangalia hazikunipa uzito wake.

Wanaopima kadi wanapima wakiwa kwenye chumba cha nyuzi 21 au 22 na umeme usiotikisika. Mimi nachezea Tabata, chumba kina bati juu, feni moja ya dari, na Januari mpaka Machi saa tatu usiku ndani bado ni nyuzi 31. Wati 320 za kadi hazipotei popote, zote zinatoka kama joto na zinabaki na wewe chumbani. Ni sawa na kuwasha pasi ndogo chini ya meza afu ukae nayo masaa matatu. Kwa hiyo nikageuza swali: kadi gani inanipa 1440p ninayotaka kwa wati chache zaidi?

Majibu yakawa machache. RX 7800 XT ina 16GB na bei yake nzuri, ila wati 263, na kwenye rei tresingi (mwanga na vivuli vinavyopigiwa hesabu kama vya kweli) iko nyuma ya za Nvidia, na mimi naitaka kweli. RTX 4070 Ti Super ina 16GB, ni kadi tamu, lakini wati 285 na ilitoka kwa dola 799. RTX 4070 Super ilitoka Januari 2024 kwa dola 599, 12GB, wati 220, na kwenye gemu inatembea bega kwa bega na RTX 3090 ya wati 350. Pale nikafunga mjadala. Hizo 12GB ziliniuma, sifichi, kadi ya hela hii ingestahili 16, ila kwa 1440p mpaka leo nimeikuta imejaa mara moja tu, nilipoweka modi za picha nzito kupita kiasi.

Dar niliambiwa milioni 2 na laki 4. Binamu yangu anakaa Dubai, akaenda Bur Dubai kwenye maduka ya kompyuta akaipata kwa dirham 2,450, kama milioni 1 na laki 7 na nusu hivi kwa chenji ya wakati ule, akaja nayo kwenye begi la mkononi akiwa ameipakatia kama mtoto. Ukinunua hivi ujue waranti inabaki kule kule, ikifa lazima irudi kwa mtu. Mimi nilikubali hiyo hatari kwa tofauti ya laki 6 na nusu, mwingine anaweza asikubali na yuko sahihi.

Sasa hapa ndo bajeti ilipotanuka. Pawa saplai yangu ilikua ya wati 500 isiyo na jina, Nvidia wenyewe wanashauri 650 kwa kadi hii, nikachukua ya 750 yenye cheti cha Gold na waya ya pini 16 ya kwake yenyewe. Hii pini 16 ndo ile iliyoleta kelele mwaka 2022 RTX 4090 za watu zilipoyeyuka kwenye soketi, na sababu kubwa iliyotajwa ilikua waya haijaingia mpaka mwisho. Kwa wati 220 hatari ni ndogo sana ila nilisukuma mpaka nikaona hakuna upenyo, na sikuikunja waya karibu na soketi. Pima keisi pia kwa rula, usikadirie kwa macho. Kadi yangu ina feni tatu na urefu wa sentimita 30, nililazimika kung'oa kizimba cha hadidiski.

UPS, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, ndo iliyonishangaza. Nilikua na ya VA 650 na iliibeba 1660 Super bila tatizo, siku ya kwanza na kadi mpya umeme ukakatika katikati ya gemu, UPS ikalia sekunde mbili ikazima kila kitu. VA 650 kiuhalisia ni kama wati 360 tu, na mashine pamoja na monita nilikua navuta karibu 390. Nikanunua ya VA 1200, laki 3 nyingine. Nasema hivi kwa sababu hakuna aliyeniambia.

Haya, fremu. Prosesa yangu ilikua Ryzen 5 3600, na kwa kadi mpya Cyberpunk kwenye 1440p ultra bila rei tresingi ilinipa 68 mpaka 72, na nikishusha setingi zinabaki zile zile 70. Ukiona hivyo ujue prosesa ndo imefika mwisho, kadi inasubiri, kwangu matumizi ya GPU (chipu ya kadi) yalikua asilimia 60 tu. Nilivumilia miezi miwili nikaongeza Ryzen 7 5700X3D, inaingia kwenye madabodi ile ile ya AM4, B450 yangu ilihitaji BIOS (programu ya madabodi yenyewe) mpya tu (na BIOS usiipandishe bila UPS kwa umeme wetu huu, ukikatika katikati madabodi inaweza kufa). Sehemu ile ile ikapanda mpaka 104, na kukwamakwama kukaisha kabisa, hicho ndo nilichokisikia mkononi kuliko namba. Forza Horizon 5 kila kitu juu, 120 na kitu. Cyberpunk na rei tresingi ile kamili, na DLSS (kadi inachora picha ndogo afu inaikuza) na fremu za kutengenezwa, napata kati ya 75 na 80, inapendeza mno usiku kwenye mvua mle mjini, ila kwa gemu za kushindana hizo fremu za kutengenezwa nazima kwa sababu mkono unachelewa kidogo. Na kwa wanaocheza mtandaoni, kadi haipunguzi pingi (muda wa kwenda na kurudi kwenye seva), seva ikiwa Afrika Kusini iko Afrika Kusini.

Kitu bora nilichofanya hakikugharimu hata shilingi. Nilishusha volti kwa programu ya MSI Afterburner, nikaikaza kadi kwenye volti 0.95 na megahezi 2550. Ilikua inavuta wati 215 ikawa 165, joto likatoka 74 mpaka 66, na nikapoteza fremu 4 kati ya 104. Feni sizisikii tena. Inachukua jioni moja kutafuta namba inayokaa bila gemu kujifunga, anza juu ushuke taratibu.

Umeme wa Luku watu wananiuliza sana. Kwa mashine nzima nikicheza masaa matatu kila siku ni kama uniti 30 kwa mwezi, kwa bei ya wakati ule elfu 10 ilikua inakupa 28 na kidogo, kwa hiyo ilikua elfu 10 na ushee. Ningechukua ile 3080 ingeongezeka kama uniti 9, elfu 3 na kitu, si hela ya kumfanya mtu aamue. Joto ndo lilinifanya niamue, na Februari iliyopita nilimaliza wikiendi nzima mle chumbani na feni ya dari peke yake, mlango wazi, kadi ikiwa 69.

1660 Super nimemuuzia kijana wa jirani kwa laki 2 na 30, nikamfungia mwenyewe kwenye mashine yake na kumbadilishia pesti ya joto, bado inakimbiza vizuri tu kwenye 1080p yake.